Kukabiliana na wanaopiga na kukimbia katika Battle for Wesnoth: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Battle for Wesnoth ni mchezo wa mikakati wa zamu kwa zamu, wa ulimwengu wa elves, orcs, dwarves na mazimwi. Ulianzishwa na David White mwaka 2003, ni wa bure, msimbo wake uko wazi, na unakubali hata laptop iliyochoka. Ndiyo maana wengi tumeuanzia huko. Maswali haya ni yale yanayorudi kila mtu anapoanza kucheza na binadamu badala ya kompyuta na kukuta jeshi lake linamegwa kidogo kidogo bila vita kamili kupiganwa.

Majina ya askari nimeyaacha kama utakavyoyaona kwenye skrini. Namba ni za askari wa kawaida asiye na sifa za ziada. Matoleo hutofautiana kidogo, kwa hiyo hakiki kwenye dirisha la shambulio kabla ya kubofya.

Kupiga na kukimbia ni kufanya nini hasa?

Ni kushambulia mahali unapoumiza bila kuumia sana, kisha kuondoka kabla mwenzio hajajipanga kujibu. Wolf Rider anakuibia kijiji na kutokomea milimani. Horseman anamkanyaga Mage wako asubuhi, jioni hayupo. Elvish Archer anakurushia mishale akiwa kwenye miti, ukimfuata anarudi nyuma vigae viwili (vile vyumba vya pembe sita vya ramani) na mwenzake anakupokea. Jeshi zima la orcs linakuja usiku, linavunja mstari wako, na kukipambazuka limesharudi kwenye vijiji vyake kujiponya.

Yote hayo yanategemea kitu kimoja: kwamba utakuwa umechelewa.

Si ni uoga tu? Kwa nini watu wasipigane?

Ni halali na ni akili. Mwenye jeshi jepesi asipocheza hivyo atakuwa anakupa ushindi bure. Lalamiko hili huwa linatoka kwa mtu aliyeandikisha Heavy Infantryman watatu, wenye hatua 4 kila mmoja, halafu akakasirika kwamba farasi hawamsubiri.

Kuna udhaifu gani katika mbinu hii?

Hili ndilo swali la kuanzia, na wengi hulifikia mwishoni. Katika Wesnoth askari akishashambulia, hatua zake zote zinaisha. Hawezi kupiga na kuondoka ndani ya zamu moja. Anapiga, anabaki pale pale ubavuni mwako, na zamu inakuja kwako. Kukimbia kwenyewe kutafanyika zamu inayofuata, kama utamwachia.

Kwa hiyo kila uvamizi unakupa zamu moja nzima ya kufanya unachotaka na mtu aliyesimama karibu nawe, mara nyingi akiwa peke yake na mbali na waganga wake. Mchezaji mzuri wa kupiga na kukimbia anajua hili. Anachofanya ni kuchagua pembe ambapo zamu yako hiyo haitakuwa na thamani: mahali ambapo askari wako wa karibu ni mmoja tu, au wakati ambapo giza au mwanga unawadhoofisha watu wako, au kwenye kigae kinachomkinga yeye.

Kazi yako basi ni kuhakikisha zamu hiyo ina thamani. Usiwapange askari wote mstari wa mbele. Waache wawili au watatu nyuma, kigae kimoja au viwili kutoka mstarini, wakiwa wazima na wenye nafasi ya kuzunguka. Hao ndio watakaofunga mlango. Jeshi ambalo wote wako mbele na wote wameshikana na adui halina mtu wa kwenda nyuma ya mvamizi, na mvamizi anaona hilo kabla yako.

Himaya ya askari inafanyaje kazi?

Kila askari wa levo 1 na kuendelea (levo ni daraja lake) anatawala vigae sita vinavyomzunguka; hiyo ndiyo himaya yake. Adui akiingia kwenye kimojawapo, anasimama hapo hapo hata kama alikuwa amebakiza hatua saba. Akianzia zamu yake ndani ya himaya yako na kigae anachotaka kuhamia kiko ndani ya himaya yako, atasogea kigae kimoja tu.

Kutokana na hilo huhitaji ukuta wa askari waliobanana. Weka askari wawili kwenye mstari, katikati yao vigae viwili vitupu: hakuna atakayepita kwa zamu moja, kwa sababu kila kigae kati ya hivyo viwili kiko kwenye himaya ya mmoja wao. Ukiacha vigae vitatu, cha katikati kinakuwa huru na farasi anapita kama hujaweka kitu. Askari wanne waliopangwa vizuri wanafunga upana wa vigae kumi. Watu wengi huona jeshi lao ni dogo kuliko ramani, kumbe wamewabananisha.

Mstari wa namna hii una bei yake. Askari aliyesimama peke yake anaweza kushambuliwa kutoka pande nyingi, watatu hata wanne kwa zamu. Kwa hiyo nafasi ya vigae viwili ni ya kuzuia wapitaji, hasa wakati ambao adui hana nguvu ya kuvunja. Jeshi kubwa likikaribia kwa saa yake nzuri, bana mstari, rudi kwenye vijiji na vilima.

Wanaoruka je? Gryphon na popo si wanapita juu?

Hapana. Kuruka kunawasaidia kwenye ardhi tu: maji, milima na misitu haviwapunguzii mwendo kama wengine. Himaya inawashika sawasawa na anayetembea. Gryphon Rider, Vampire Bat, Drake Glider, wote wakiingia kwenye kigae cha jirani yako wanasimama.

Nimemzunguka kwa maiti watatu na bado katoroka. Kuna hitilafu?

Hakuna hitilafu. Walking Corpse ni levo 0, na levo 0 haina himaya. Vivyo hivyo Vampire Bat wako mwenyewe, na wakulima unaopewa kwenye baadhi ya kampeni. Wanaziba kigae walichosimama na si zaidi. Ukitaka kumfungia mtu kwa levo 0, itabidi uzibe vigae vyenyewe.

Ili nimnase, lazima nijaze pande zote sita?

Wawili wanatosha, wakisimama mkabala. Mmoja kaskazini yake, mwingine kusini yake. Angalia ramani: kila kigae anachoweza kukimbilia kiko jirani na mmoja wa hao wawili, kwa hiyo atasogea kigae kimoja na kusimama, bado mikononi mwako. Huu ndio mtego wa msingi wa Wesnoth, na ukijifunza jambo moja tu kwenye ukurasa huu liwe hili.

Ugumu ni kufika upande wa pili. Mvamizi akija, askari aliyepigwa yuko upande mmoja tayari, kwa hiyo unahitaji mtu mmoja tu wa kuzunguka nyuma. Njia yake isipite kwenye himaya za maadui wengine, la sivyo ataishia njiani. Mpeleke huyo kwanza, kabla hujashambulia na wengine. Makosa ya kawaida ni kuanza na mashambulizi kwa hamu ya damu, halafu kukuta wote wameshapiga, hakuna aliyebaki na hatua, na mlango uko wazi.

Na ukishafunga mlango, si lazima umuue zamu hiyo. Mvamizi aliyenaswa akiwa na nusu ya uhai atapigana na mtu mmoja, atakula majibu, na zamu inayofuata atakuwa bado wako. Jilinde na jambo moja: wenzake watakuja kumwokoa kwa kumshambulia yule uliyemtuma nyuma. Chagua mwenye uhai kamili, na kama kuna kilima au kijiji upande ule, msimamishe hapo.

Wapenyaji kama Fencer na Saurian Skirmisher?

Hawa himaya haiwahusu, wanapita katikati ya mstari kana kwamba haupo. Mtego wa wawili haufanyi kazi. Unabaki na njia mbili: kuziba vigae kwa miili, au kuwaua mara moja.

Fencer hupigwa asilimia 40 tu hata kwenye nyasi, na kijijini asilimia 30, kwa hiyo panga za kawaida zitakuumiza roho. Tafuta uchawi. Shambulio la Mage au Dark Adept lina nafasi ya asilimia 70 popote alipo adui, na Fencer hana silaha ya kurusha ya kujibu. Saurian ni tofauti kidogo. Msituni, vilimani na kinamasini ni mgumu kushikika, ila kwenye nyasi anapigwa asilimia 60 kama watu wengine, na uhai wake ni 26 tu. Kwa hiyo jiulize akija atasimama wapi, na simama wewe mahali ambapo jirani zako zote ni nyasi.

Kila asubuhi Horseman ananiulia Mage. Nifanye nini?

Tufanye hesabu, kwa sababu hapa hesabu ndiyo ulinzi wenyewe.

Horseman ana mapigo 2 ya 9. Akishambulia, mbio za farasi zinazidisha kila pigo mara mbili, inakuwa 18, na mwanga wa mchana unaongeza robo: 22. Mage ana uhai 24. Pigo moja halimmalizi, lazima yote mawili yafike. Mage akiwa kwenye nyasi, kila pigo lina nafasi ya asilimia 60, kwa hiyo yote mawili ni asilimia 36. Msogeze kijijini au ndani ya ngome, kila pigo linakuwa asilimia 40, na kifo kinashuka hadi asilimia 16. Hatua moja ya kigae imepunguza hatari kwa zaidi ya nusu.

Lakini kagua sifa za farasi yule. Mwenye sifa ya strong ana pigo la 10. Mara mbili ni 20, na robo ya mchana inakuwa 25. Sasa pigo moja linatosha kumwua Mage mzima, na kwenye nyasi nafasi ya angalau moja kufika ni asilimia 84. Huyo mmoja tu anabadilisha mpango wako wote wa asubuhi. Mage asionekane mstari wa mbele mpaka ujue farasi huyo yuko wapi.

Upande wa pili wa hesabu ni mtamu zaidi. Zile mbio zinazidisha pia pigo la anayejibu. Spearman ana mapigo 3 ya 7, mkuki wake hutangulia kupiga hata anaposhambuliwa, na farasi wana udhaifu wa asilimia 20 kwa silaha za kuchoma. Mchana, Spearman anayekanyagwa na Horseman anajibu kwa 21 kila pigo. Mawili yakifika ni 42, na Horseman ana uhai 38. Mchezaji mwenye akili hatamgusa Spearman mzima mchana. Kwa hiyo mweke Spearman pale ambapo farasi angetaka kusimama ili kumfikia Mage, Mage akae nyuma yake, na asubuhi itapita kimya. Spearman bei yake ni dhahabu 14, Horseman 23. Kila wakimalizana umepata faida.

Ukiwa upande wa Rebels (elves na wenzao) huna Spearman, ila una Wose, mti unaotembea. Silaha za kuchoma hupunguzwa asilimia 60 zikimgusa, na farasi kwake ni kama anagonga mnazi. Mwangalie tu na moto, ambao unamwumiza mara moja na nusu.

Wanazunguka nyuma na kuiba vijiji. Nimtume nani?

Kwanza ujue unapoteza nini. Kwa mipangilio ya kawaida ya michezo ya watu, kijiji kimoja huleta dhahabu 2 kila zamu na kulisha levo 1 ya jeshi. Kikichukuliwa, wewe unakosa 2 na yeye anapata 2. Tofauti kati yenu imekuwa 4 kwa zamu, na ikiwa jeshi lako limeshazidi vijiji, unalipa na posho juu yake. Kijiji kikikaa kwake zamu nne, Wolf Rider wa dhahabu 17 amekaribia kujilipa. Ndiyo maana mtu mmoja wa nyuma anakera kuliko watatu wa mbele.

Usitume watatu kumfukuza. Hicho ndicho anachotaka: nguvu ya dhahabu 50 iondoke mbele kwa ajili ya mbwa mmoja. Mshika mbili, moja humponyoka.

Tuma mmoja, na asiende alipo mvamizi. Aende katikati ya vijiji vinavyobaki, mahali ambapo himaya yake inakata njia. Mvamizi akichukua kijiji, askari wako anakirudisha zamu inayofuata, na mvamizi hana pa kujiponya. Kwa kazi hii naona hakuna kama Cavalryman: hatua 8, na panga hupunguzwa asilimia 30 zikimpata, kwa hiyo meno ya Wolf Rider hayamfanyi kitu. Hawezi milima, lakini vijiji vingi haviko kileleni. Wasio na farasi watumie yeyote aliyejeruhiwa ambaye ilikuwa lazima arudi nyuma kupumzika: akae kwenye kijiji cha hatari, apone 8 kwa zamu, na alinde hapo hapo.

Vampire Bat ni kero nyingine. Anapigwa asilimia 40 karibu kila mahali, na ananyonya uhai anapouma. Ila kijijini kinga yake hushuka. Yaani anapokuwa anakuibia ndipo anapokuwa rahisi kupigwa. Mngojee hapo.

Orcs wanakuja usiku na kuondoka alfajiri. Niwafuate?

Wafuate, lakini uhesabu utafika saa ngapi.

Siku ya Wesnoth ina zamu sita: alfajiri, asubuhi, alasiri, magharibi, na zamu mbili za usiku. Askari wa mchana wanaongezewa asilimia 25 asubuhi na alasiri, na wanapunguziwa hiyo hiyo usiku. Wa usiku kinyume chake. Alfajiri na magharibi ni sare. Una zamu mbili tu za nguvu kamili. Ukianza kutembea alfajiri na kuna safari ya zamu tatu hadi kwenye vijiji vyao, utafika magharibi umechoka, umetawanyika, na giza linaingia. Watageuka hapo hapo. Wengi wanapoteza mchezo kwa njia hii na kudhani walipoteza ule usiku wa kwanza.

Kanuni ninayoitumia ni kwamba alasiri ndiyo zamu ya mwisho ya kupiga, na magharibi kila mtu awe ameshaanza kurudi kwenye ardhi nzuri. Ikiwa asubuhi huwezi kuwafikia, usiende. Tumia mchana kuponya watu, kurudisha vijiji, na kusogeza mstari mahali pazuri zaidi kwa usiku ujao.

Na usiku wenyewe, usiwape vifo vya bure. Kuua askari wa levo 1 kunampa muuaji uzoefu 8, wa levo 2 kunampa 16, wakati kupigana tu na levo 1 kunampa 1. Mtu wako mwenye uhai 5 aliyeachwa mstarini si tu kwamba atakufa, atamkaribisha Grunt mmoja kwenye levo 2. Mrudishe hata kama mstari utapinda.

Kuwanasa wakati wa kuondoka ndiko kunakolipa. Zamu ya pili ya usiku wanapiga mara ya mwisho. Zamu yako inayofuata usijibu kwa hasira; peleka mtu mmoja au wawili nyuma ya wale waliojeruhiwa zaidi. Alfajiri wanataka kuondoka, wanasogea kigae kimoja. Asubuhi ni yako.

Elves wanarusha mishale kutoka msituni. Siwafikii.

Watu hukumbuka kutafuta ardhi nzuri ya kusimama wao na kusahau kwamba kinga ya adui inatokana na kigae alichosimama yeye. Elf akiwa msituni, mara nyingi ni asilimia 30 hadi 40 tu ya mapigo yako yatakayompata. Akiwa kwenye nyasi ni 60. Usisimame ukingoni mwa msitu. Rudi mpaka vigae vyote sita vinavyokuzunguka viwe nyasi, hata kama wewe mwenyewe umesimama kwenye nyasi. Mrusha mishale anapiga jirani tu, hana umbali wa ziada, kwa hiyo akitaka kukupiga itabidi atoke kwenye miti yake.

Kama upande wako ni Northerners (orcs na trolls), tumia Troll Whelp. Elvish Archer ana mapigo 4 ya 5, na ngozi ya Whelp hupunguza kila moja hadi 4. Kwenye nyasi Whelp hupigwa asilimia 70, wastani wa uhai 11 kwa zamu, na anajirudishia 8 mwenyewe bila kwenda kijijini. Archer mmoja anaweza kurusha siku nzima. Grunt hana cha kurusha kabisa, kwa hiyo kumsimamisha mbele ya wapiga mishale ni kuwapa mazoezi.

Kuingia msituni kuwafuata kunafaa tu ukiwa na wachawi wa asilimia 70, au ukiwa umewazidi idadi kiasi kwamba huna haja ya ukurasa huu.

Orcish Assassin ananitia sumu na kuondoka.

Sumu inakula uhai 8 kila zamu mpaka itibiwe au ubakiwe na 1. Mpeleke mgonjwa kijijini. Zamu ya kwanza kijiji kinaondoa sumu bila kuongeza uhai, kuponya kunaanza zamu ya pili. Elvish Shaman aliye jirani anaizuia isile, ila haiondoi. White Mage anaiondoa.

Anachofaidika nacho Assassin si uhai ulioupoteza, ni zamu ambazo askari wako watatu wanazitumia kwenda na kurudi. Kwa hiyo mmoja akipigwa sumu na zamu ya kupigana imefika, wakati mwingine ni bora apigane kwanza. Assassin mwenyewe ana uhai 26 na kisu kimoja dhaifu cha karibu. Mvae mwilini, mchana, kwa yeyote aliye na uchawi au kwa watu watatu.

Drakes?

Majoka haya yanayoruka wanatisha kwa mwendo, lakini kwenye nyasi wanapigwa asilimia 70, na mikuki na baridi vinawaumiza kupita kawaida. Mwache aje. Ukiwa na Spearman wawili hai zamu inayofuata, ameshalipa nauli.

Kumpunguza mtu mwendo kunasaidia kweli?

Sana, na hutumiwa kidogo mno. Elvish Shaman akimpata adui, pigo la adui huyo linakuwa nusu na kila hatua inamgharimu mara mbili, hadi amalize zamu yake. Mpanda farasi wa hatua 8 anakuwa wa 4. Kwa dhahabu 15 umepata kitanzi kisichohitaji mtu wa kuzunguka nyuma. Mpige na Shaman kwanza, ndipo wengine washambulie, kwani majibu yake pia yatakuwa nusu.

Nitajuaje atafika wapi kabla hajafika?

Bonyeza Ctrl na V: mchezo unakuonyesha vigae ambavyo adui anaweza kufika zamu ijayo. Ctrl na B unaonyesha kana kwamba askari wako hawapo kumzuia. Linganisha hizo mbili. Mahali ambapo picha zinafanana, mstari wako hauzuii kitu.

Ukungu ukiwa umewashwa, utaona wale tu unaowaona. Anayekosekana ndiye wa kuogopa. Kama zamu mbili zilizopita ulihesabu wapanda farasi wawili na sasa yuko mmoja, mwingine hajaenda kulala. Askari mmoja mwepesi kwenye kilima cha pembeni anakupa zamu moja ya taarifa, na zamu moja ndiyo tofauti ya kumfungia njia au kumwona akiwa mlangoni kwa kiongozi wako.

Kompyuta nayo inacheza hivi?

Kidogo. Inapenda sana vijiji, kwa hiyo Wolf Riders na popo wake watazurura, lakini kwa kawaida inashambulia bila kufikiria itarudije. Inavutwa na mtu dhaifu. Weka chambo kwenye kigae kizuri, askari wazima nyuma yake, na watakuja wenyewe mmoja mmoja. Kwa binadamu usijaribu hivyo mara mbili.

Niandikishe nani mwanzoni nikijua mwenzangu hucheza hivi?

Mwepesi mmoja, si watatu. Mponyaji mmoja kama upande wako unaye. Waliobaki wawe wa bei nafuu wenye himaya: Spearman, Grunt, Elvish Fighter, Dwarvish Fighter. Idadi ndiyo inayofunga ramani. Usinunue wapanda farasi ili kushindana naye kwa mbio. Atakuwa na uzoefu wa mchezo huo kuliko wewe.

Nimejilinda vizuri zamu kumi, lakini sishindi. Sasa?

Wolf Rider anaweza kukukimbia mpaka kesho. Vijiji vyake haviwezi, ngome yake haiwezi, na kiongozi wake akitoka ngomeni hawezi kuandikisha askari. Acha kuwalenga askari wake. Chagua upande wenye vijiji vyake viwili au vitatu vilivyo karibu karibu, sogea kwa mstari mpana wakati wa saa yako nzuri, na keti juu yake. Sasa yeye ndiye anayepoteza dhahabu na mahali pa kuponea, na itabidi aje akutoe. Jeshi jepesi likilazimika kusimama na kupigana na watu walio vijijini, bei zake zinaanza kuonekana: dhahabu 17, 18, 23 kwa kichwa, likigongana na askari wa 12 na 14.

Kiongozi wako asifuate msafara. Abaki ngomeni na mtu mmoja au wawili, maana ukisogea mbele, yule Horseman ambaye hukumwona kwa zamu mbili atakuwa na safari moja tu akilini.